Matendo Mema Si Nauli ya Kwenda Mbinguni

Kuna mjadala unaorudi kila mara katika parokia na sharika zetu. Mkristo amefariki, ndugu zake wanakwenda kwa viongozi wa kanisa kuomba ibada ya mazishi, na swali la kwanza wanaloulizwa ni kama marehemu alikuwa akitoa zaka na kuhudhuria jumuiya. Kadi ya zaka inafunguliwa, miezi iliyo wazi inahesabiwa. Pengine familia inatakiwa ilipe malimbikizo kabla padri, mchungaji au katekista hajafika msibani; pengine inaambiwa izike yenyewe. Viongozi wanaoamua hivyo si watu wabaya, na hoja yao ina uzito ambao nitaujibu. Lakini mwombolezaji aliyesimama pale anaondoka na funzo moja, kwamba mbele ya Mungu mtu hupimwa kwa risiti zake. Funzo hilo linapingana na kiini cha Injili. Mkristo huanza kwa neema, huendelea kwa neema na hufa akiitegemea neema hiyo hiyo. Matendo mema ni ya lazima, ila nafasi yake ni baada ya wokovu, wala hayawi bei yake. Kanisa likivuruga mpangilio huo, wa kwanza kuumia ni maskini, na baada yao matendo mema yenyewe huharibika.

Mpangilio huo haukubuniwa na mwanateolojia wa Ulaya. Umo katika Maandiko tangu vitabu vya mwanzo. Waisraeli hawakupewa Amri Kumi wangali Misri, kwamba wakizishika ndipo wakombolewe. Walitolewa utumwani kwanza, wakavuka bahari, kisha wakafika Sinai wakapokea sheria. Na kabla ya amri ya kwanza Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa. Paulo anapowaandikia Warumi, katika sura ya 4, anajenga hoja yake juu ya jambo lipi lilitangulia. Ibrahimu anahesabiwa haki katika Mwanzo 15, na agizo la tohara linakuja katika sura ya 17. Lililokuja nyuma haliwezi kuwa sababu ya lililotangulia. Waraka kwa Waefeso, sura ya 2, aya ya 8 hadi ya 10, unayafunga yote pamoja: wokovu ni kipawa, hautokani na matendo, asije mtu akajisifu, na hapo hapo unasema kwamba tumeumbwa kwa ajili ya matendo mema ambayo Mungu aliyaandaa tangu awali. Wapo wanaokariri aya ya 8 na ya 9 wakaiacha ya 10, na wapo wanaoishi ile ya 10 kana kwamba mbili za kwanza hazikuandikwa. Makosa haya yote mawili yana madhara, ila hapa kwetu leo la pili ndilo lililoota mizizi zaidi.

Tena Afrika iliushiriki mjadala huu mapema sana. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio, mtawa aliyetoka Uingereza, aliishi Roma akasikitishwa na Wakristo waliojificha nyuma ya udhaifu wa mwili ili waendelee na starehe zao. Akafundisha kwamba Mungu hawezi kuamuru lisilowezekana; basi mwanadamu akitaka kwa dhati, anao uwezo wa kutenda mema na kujiepusha na dhambi. Kwa sikio la leo fundisho hilo ni kama la mhamasishaji mzuri. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao sasa ni Annaba nchini Algeria, aliona lilikokuwa likielekea. Wokovu ukitegemea nguvu za nia, ni wa wenye nia kali tu. Atakuwa na tumaini gani mlevi aliyejaribu kuacha pombe mara kumi na akaanguka mara kumi? Na mgonjwa wa akili, au mjane aliyevunjwa na mateso hata hana nguvu ya kusali? Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, wakayakataa mafundisho ya Pelagio, na mwaka 431 Mtaguso wa Efeso ukawahukumu waliomfuata mwanafunzi wake Kelestio. Uamuzi ule haukutetea uzembe hata kidogo. Uliwahakikishia walio dhaifu kwamba nao wana nafasi kanisani, na kwamba hata mwenye nguvu amezipokea nguvu hizo kutoka kwa Mungu.

Historia inaonyesha pia kinachotokea ukumbusho huo unapofifia. Mwaka 1517, nchini Ujerumani, mhubiri Johann Tetzel alizunguka akitoa vyeti vya rehema kwa fedha. Sehemu ya mapato ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma, na sehemu ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa mabenki wa familia ya Fugger. Hoja 95 ambazo Martin Luther alizitoa tarehe 31 Oktoba mwaka huo zilianzia hapo, kwenye akiba za watu wa kawaida waliokuwa wakilipia hofu zao na za ndugu zao waliokufa. Si haki, hata hivyo, kulifanya jambo hili ugomvi wa Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Mtaguso wa Trento wenyewe, uliokaa kumjibu Luther, ulitamka mwaka 1547, katika kanuni ya kwanza kuhusu kuhesabiwa haki, kwamba mtu hawezi kupata haki mbele ya Mungu kwa matendo yake pasipo neema iliyo katika Yesu Kristo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba neema hiyo hiyo hututuma katika matendo mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, Waanglikana wakalikubali mwaka 2016, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Basi Mkatoliki wa Bagamoyo na Mlutheri wa Machame hawana sababu ya kutofautiana katika hili. Lililobaki ni kuliishi.

Nasi tunalihitaji, kwa maana soko la Tetzel limefufuka kwetu kwa bidhaa mpya. Yapo mafuta ya upako, maji ya upako, vitambaa, na mbegu inayopandwa kwa mhubiri ili Mungu aguswe ajibu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani walipokimbilia kupita juu ya mafuta yaliyomwagwa. Tangu mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 imefukuliwa, ya watu wanaosemekana kufundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Kuamua nani ana hatia ni kazi ya mahakama, na waliokufa hawastahili kusimangwa. Wengi wao walikuwa wakitafuta msaada kwa moyo mweupe. Kanisa, lakini, lina wajibu wa kujiuliza ni imani gani inayomwandaa mtu aingie katika hali hiyo. Ni imani kwamba kibali cha Mungu kiko mbali na ni kichache, lazima kifikiwe kwa kuwahi, kwa kutoa au kwa kujitesa, na kwamba aliyekosa alikuwa hajafanya vya kutosha. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu amekwisha kumpenda katika Kristo hanunui chupa ya kumshawishi Mungu huyo ampende, wala hashawishiki kwamba njaa yake itamfungulia mlango ambao Kristo alikwisha kuufungua. Kuhubiri neema kwa uwazi ni kinga ya maskini dhidi ya kila anayefanya biashara kwa hofu zao.

Lipo jambo la pili, ambalo husahaulika zaidi. Kutegemea matendo huyaharibu matendo yenyewe. Tajiri akimpa yatima sare ya shule ili ajiongezee thawabu, anayehudumiwa kwa kweli ni tajiri mwenyewe, na yatima amekuwa chombo cha kumfikisha anakotaka. Hata sala inaweza kugeuka hivyo, kama Yesu alivyoonyesha katika mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, ambapo mmoja alisimama hekaluni akitaja mfungo na zaka zake huku akimdharau aliye pembeni. Katika mfano mwingine, wa vibarua wa shamba la mizabibu, waliofanya kazi tangu asubuhi hawakupunjwa hata senti. Walipewa dinari waliyopatana. Kilichowachoma ni kuona wa saa kumi na moja wakipata kama wao. Mtu anayeishi kwa kujumlisha mema yake hufikia mahali ambapo rehema anayopewa mwenzake humuuma kama hasara. Katika kijitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, Luther aliionyesha njia ya kutoka hapo: aliyehakikishiwa wokovu wake katika Kristo hana haja ya kuyatumia matendo yake kwa faida ya nafsi yake, hivyo amebaki huru kuyatoa yote kwa jirani. Mwembe hauzai maembe ili upate kuwa mwembe. Huzaa kwa kuwa ndivyo ulivyo, na wanaokula ni wengine.

Anayedhani haya ni maneno matupu aitazame historia ya karibu yetu. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Simeon Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka iliyofuata ukazuka uamsho uliotoka Gahini ukaenea Kabale, Bukoba, Kabete na kwingineko. Ujumbe wake ulikuwa wa wazi: mwenye dhambi na aje kama alivyo, damu ya Kristo inatosha. Kwa mantiki ya wanaoiogopa neema, watu walioambiwa hivyo walipaswa kulegea. Walifanya kinyume chake. Walirudisha mali walizoiba, walilipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, waliungama mbele ya wenzao, na Mwafrika na mmisionari wakaombana radhi hadharani katika zama ambazo ukoloni haukutaka wakae meza moja. Nchini Kenya, katika vita vya miaka ya 1950, wengi wa ndugu wa uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji waliopinga ukoloni, na wapo waliokataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni; baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyelelewa na uamsho huo, alichaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kurudisha ng'ombe wa watu, kumsamehe adui na kukubali kufa kuliko kuua ni matendo makubwa, na waliotenda hayo walikana kabisa kwamba walikuwa wakijitafutia mbingu.

Hapa msomaji makini atanikumbusha jambo zito. Rwanda, chimbuko la uamsho huo, ndiyo nchi ambayo mwaka 1994 watu waliuawa kwa malaki, wengine ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata. Wauaji na waliouawa walikuwa wakisali pamoja. Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na za watu wake katika mauaji hayo. Je, huko si ndiko inakoishia injili ya msamaha wa bure? Swali hili halistahili jibu jepesi. Wapo waliokufa kwa kuwaficha majirani wa kabila jingine, ila kuwataja hao hakutoshi kuwasafisha wengine. Ninachokiona ni kwamba palipozama Rwanda neema ilikuwa imebaki neno la ibadani, na utii mkuu ulikuwa umehamia kwa kabila na kwa serikali. Mchungaji wa Kijerumani Dietrich Bonhoeffer aliona hali hiyo nchini mwake chini ya utawala wa Hitler. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu ufuasi aliionya vikali neema ya bei rahisi, yaani msamaha unaotangazwa pasipo toba na pasipo kumfuata Kristo, na tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa na utawala huo. Bonhoeffer alikuwa Mlutheri kamili, na hakuwarudisha watu kwenye kujihesabia matendo. Aliwaambia kwamba neema ni ya thamani kwa sababu ilimgharimu Mungu uhai wa Mwanawe, na anayeipokea hawezi kubaki alivyokuwa. Paulo naye alikwisha kuulizwa kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, akakataa katakata katika Warumi 6. Swali hilo huzuka pale tu neema inapohubiriwa kweli; mhubiri wa matendo haulizwi kamwe.

Wengine watauleta Waraka wa Yakobo, unaosema kwamba imani isiyo na matendo imekufa, na kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kwa matendo alipomtoa Isaka. Yakobo na Paulo wanajibu maswali tofauti. Paulo anamjibu anayeuliza aingie kwa njia gani. Yakobo anamkabili aliyekwisha kuingia, ambaye anamwona ndugu yake uchi na mwenye njaa akamuaga kwa maneno ya baraka bila kumpa kitu. Kumtoa Isaka kumo katika Mwanzo 22, miaka mingi baada ya ile sura ya 15, kwa hiyo tendo lile lilidhihirisha imani iliyokuwapo. Na hukumu ya Mathayo 25, ambapo Mfalme anawagawa watu kwa kigezo cha walivyowatendea wenye njaa, wagonjwa na wafungwa? Tazama jinsi walio kuume wanavyoshangaa. Hawakumbuki ni lini walimhudumia Mfalme, kwa sababu walipokuwa wakimlisha mwenye njaa walikuwa wakimwangalia mwenye njaa. Mtu anayeweka kumbukumbu ya wema wake kwa ajili ya siku ya hukumu hawezi kushangaa namna hiyo.

Pengine pingamizi lililo karibu zaidi nasi linatokana na malezi. Tumekuzwa tukiheshimu jasho, na tumekwisha kuona misaada ya bure ikiwazoesha watu kunyoosha mkono. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, mbingu isiyolipiwa inanuka uvivu. Lakini Paulo huyu huyu aliwaagiza Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, na yeye mwenyewe alishona mahema. Kazi ina heshima yake: hulisha nyumba, hujenga nchi, humsaidia mhitaji. Kinachokataliwa ni kuipeleka kwa Mungu kama ankara. Waraka kwa Wafilipi unawataka waamini wautimize wokovu wao kwa bidii na hofu, kisha unatoa sababu, kwamba Mungu ndiye anayetenda kazi ndani yao. Hapo bidii inatokana na neema, wala hazishindani.

Sasa hoja ya viongozi wa kanisa. Wanasema, kwa haki, kwamba kanisa haliendeshwi kwa hewa. Padri anahitaji mafuta ya pikipiki, zahanati inahitaji dawa, paa linavuja; na asiyechangia chochote miaka 20 kisha akataka huduma zote siku ya kufa anawabebesha wenzake mzigo. Wanasema pia kwamba aliyelikataa kanisa kwa hiari yake asilazimishiwe ibada akiwa maiti. Yote mawili nayakubali, na ninaamini utoaji ni sehemu ya ukomavu wa Mkristo. Ila tofauti kati ya mtu aliyeikana imani na mtu aliyeshindwa kutoa ni kubwa, na kadi haiwezi kuionyesha. Miezi iliyo wazi inaweza kuwa ya dharau. Inaweza pia kuwa miezi ya ugonjwa, ya kufukuzwa kazi, ya aibu ya kuja kanisani mikono mitupu. Nidhamu ya kweli humfuata mtu akiwa hai: mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya anabisha hodi mwezi wa pili, anauliza kulikoni. Kuingoja maiti ndipo kuuliza ni kuwatoza wafiwa, maana marehemu hawezi tena kutubu wala kutoa. Tena uzoefu wa Paulo unaonyesha kwamba neema huchangisha vizuri kuliko vitisho. Alipowaombea msaada watakatifu wa Yerusalemu, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, hakuwawekea kiwango wala hakuwatisha. Aliwakumbusha kwamba Kristo aliyekuwa tajiri alijifanya maskini kwa ajili yao, akawapa mfano wa makanisa ya Makedonia, yaliyotoa kupita uwezo wao yakiwa katika umaskini mkubwa.

Kwa hiyo ninawaomba wahubiri wetu wawe wazi. Mahubiri yanayokwisha kwa orodha ya tunayopaswa kufanya, bila kutamka Mungu alilokwisha kufanya, yanamwacha mnyonge amekata tamaa na mwenye bidii amejivuna. Mhubiri ajiulize kila Jumapili kama mtu aliyeshindwa wiki nzima ameondoka akijua kwamba Kristo ni wake, na kama aliyefanikiwa ameondoka akijua kwamba hana la kujisifia. Huduma yoyote ya kiroho yenye bei iitwe kwa jina lake, kuwa ni biashara, na waamini wafundishwe kuikataa bila woga wa kulaaniwa. Viongozi watenganishe kabisa hesabu za fedha na huduma za sakramenti, faraja na mazishi, michango ibaki suala la ushirika na uwajibikaji wa walio hai. Na kila mmoja wetu aliyejichosha kwa kutafuta kibali ambacho amekwisha kupewa, apumzike katika kibali hicho, kisha aigeuze nguvu yake yote kwa jirani anayeihitaji. Mungu hana upungufu wa kujaziwa na matendo yetu. Wenye upungufu wako mitaani, wodini, magerezani na mashambani, na kwa ajili yao tumesamehewa bure ili tuwatumikie bure.